Gari la Mjomba Liliponyamaza

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikijiita fundi, na hapakuwa na mtu aliyenifundisha. Nilichokuwa nacho ni kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni Darajani kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake apate kuhama, na kamusi ya kuazima. Sura ya ekzosi, njia ya kutolea moshi, niliisoma mara nyingi hata kurasa zake zikawa nyeusi kuliko nyingine. Kitabu kilisema kwamba injini ya dizeli inahitaji kutoa pumzi kama inavyohitaji kuivuta. Bomba la moshi likiwa jembamba, au likiziba, nguvu hupotea na mafuta huliwa bure. Niliamini kila neno. Anayejifunza peke yake hana mtu wa kumwambia, hebu ngoja kwanza.

Mjomba wangu alikuwa na lori la dizeli lenye bodi ya mbao na mabenchi mawili marefu. Kila siku isipokuwa Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, liliondoka kusini, likakusanya watu na mizigo yao kijiji baada ya kijiji, likapita Tunguu na kuingia mjini kabla soko halijachangamka. Alasiri lilirudi. Mimi nilikuwa utingo wake na fundi wake. Siku za kazi nililala kwake shamba. Alhamisi jioni nikirudi kwa mama, Mji Mkongwe.

Gari lile lilikuwa na kelele. Sijui niielezeje. Lilianza kwa mkoromo, kisha likakohoa mara tatu au nne kila mjomba alipobadilisha gia, na kwenye mteremko lilipasua sauti kama mtu anayechana gunia. Vijana wenzangu wa barazani, wakiniona natokea kichochoroni, walijaza mashavu pumzi na kuliigiza. Mmoja wao hakuchoka kuniuliza, "Yakhe, kikohozi cha mjomba wako hakijapata dawa?" Nilicheka pamoja nao. Nikifika nyumbani nafungua kitabu kwenye sura ileile.

Naandika haya kwa sababu mwanzoni sikumwambia mtu kwa ukamilifu wake: niliibadilisha ekzosi ya mjomba kwa ajili ya mashavu yale. Mjomba nilimwambia habari nyingine. Nilimwambia gari linakula mafuta. Nilimwambia linakosa pumzi vilimani, na kwamba likiachwa hivi injini itakufa kabla ya mwaka kwisha. Nilimfungulia kitabu, nikamwonesha picha. Yeye hakujua Kiingereza, na mimi nilijua kwamba hawezi kunihakiki.

Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kubadilisha tairi mbili za nyuma, zilizokwisha meno kabisa. Aliniuliza mara moja tu.

"Una hakika?"

"Nna hakika, mjomba."

Miaka ile baada ya Mapinduzi vipuri havikupatikana kwa kutaka. Tulingoja wiki sita mpaka baharia mmoja, rafiki wa mjomba, alipotuletea kutoka Dar es Salaam mafla mpya, kile chombo cha kupunguza sauti, na bomba pana, vyote vya gari la aina nyingine, vya kukatwa na kuungwa. Nikalipeleka lori kwa mchomeleaji mmoja wa Ng'ambo, nikaingia chini yake na spana zangu.

Hapo ndipo mambo yalipobainika. Gasketi ya pale bomba linapoungana na injini ilikuwa imeungua, na mafla ilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Basi. Bomba halikuziba hata kidogo. Nililiinua juani nikachungulia, nikaona upande wa pili weupe na duara kamili. Kipande cha bati na gasketi mpya vingetosha, na kazi ingekwisha kabla ya adhuhuri.

Mchomeleaji alilichukua mkononi, akaligonga kwa nyundo. "Hili mbona zima? Tia kiraka urudi kazini."

Nikamwambia yeye achomelee tu, maana kiraka kingenifichua kwa mjomba.

Nilifanya kazi ile siku tatu. Kila nati niliiosha kwa mafuta ya taa na kuipanga juu ya gunia kwa mpango wake. Nilizifungua bolti nilizokwisha kuzikaza, kwa sababu vichwa vyake havikutazama upande mmoja, mahali ambapo hapana mtu atakayeviona. Nilikuwa kama mtu anayedhani kwamba akizinyoosha vizuri zile bolti, uongo nao utanyooka. Gari lilipowashwa, mchomeleaji aliinama akalitegea sikio, kisha akaanza kukusanya vyombo vyake. Lilikuwa likinong'ona.

Asubuhi ya kwanza tulivipita vijiji vitatu na mabenchi matupu. Mjomba alipunguza mwendo, akatoa kichwa nje, akauliza leo kuna msiba wapi. Tuliingia mjini na watu wanne.

Alasiri, tulipokuwa tukirudi, tuliwakuta abiria wetu wamesimama njiani. Mbele yao alikuwa bibi mmoja muuza pweza, aliyepanda nasi kila siku ya kazi, na kikapu chake kilikuwa chini.

"Mmepita kama wezi," alisema. "Pweza wangu huyu hapa. Haya, mnuseni."

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo nililiona kila siku bila ya kulitia akilini. Gari letu halikuwa na kituo wala saa. Watu walikaa majumbani mwao, mwanamke akikoroga uji au akifunga kuni zake, mpaka sauti ilipofika. Likianza kukoroma, alijua liko kijiji cha pili. Likikohoa, anajifunga kanga. Likichana gunia pale mteremkoni, anatwika mzigo na kutoka, na anafika barabarani pamoja nasi. Honi ilikuwepo, lakini kila gari lilikuwa na honi, na honi ya alfajiri katika miaka ile ya watu kukamatwa majumbani ilimfanya mtu abaki ndani kwanza asikilize. Kile kikohozi kilikuwa cha mjomba peke yake.

Mjomba alishuka, akamwomba radhi yule bibi mbele ya watu wote. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Bi mkubwa, msimlaumu kijana. Huyu ni fundi. Gari lilikuwa linakufa, yeye kaliokoa."

Ningependa kusema kwamba nilisema kweli palepale. Sikusema. Nilikitazama kile kikapu.

Siku zilizofuata nilitafuta kitu cha kunisitiri. Nilitumbukiza fimbo katika tangi asubuhi na jioni, nikatia alama kwa kisu, nikitaka kuona mafuta tuliyookoa. Tofauti ilikuwa nyembamba kuliko ukucha, na hata hiyo pengine iliongezwa na jicho langu. Vilima tulivipanda kwa gia ileile na mwendo uleule. Faida moja ilikuwa ya kweli: moshi haukuingia tena nyuma, na watoto waliopakatwa na mama zao hawakukohoa njia nzima. Jambo hilo nililirudia moyoni mara nyingi mno. Kisha nikitazama nyuma na kuziona tairi zile mbili, laini kama sahani, zikizunguka.

Watu wengine walianza kupanda lori jingine lililopita baadaye. Mwisho wa wiki ya pili benchi moja halikuwa na mtu. Mjomba hakunilaumu kwa neno. Alichofanya ni kuvaa kanzu kila alasiri tukisharudi na kwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu wamvumilie, kwamba gari lilikuwa hatarini na fundi wake hakuwa na njia nyingine. Alirudi magharibi, miguu imejaa vumbi jeupe, akanieleza nani kakubali na nani kaguna. Alikuwa akiwaapia watu kwa maneno yangu.

Siku ya nne ya mizunguko hiyo nilimkuta ukumbini akivaa kanzu ile. Nikasema yote, haraka, bila ya mpango. Bomba lilikuwa zima. Nililiona kuwa zima. Mafuta hayakupungua. Nilikuwa nikiona haya kuchekwa mjini.

Alikaa kwenye kitanda cha ukumbini, mkono mmoja ndani ya kanzu, mwingine nje.

"Na tairi ulizijua?"

"Nilizijua."

Nikaanza kujieleza habari ya moshi na watoto, akaninyooshea kidole ninyamaze. Kisha akaivua kanzu na kuitundika.

"Nyumba zilizobaki utakwenda wewe," alisema. "Na uwaambie hivi hivi ulivyonambia mimi. Usipunguze."

Zilikuwa nyumba kumi na moja. Mimi ni mtu ambaye hupiga hodi mara ya kwanza kwa sauti isiyosikika. Baadhi ya watu walicheka, na hilo lilikuwa jepesi. Mzee mmoja aliniacha niseme mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekwisha kula. Nyumba ya yule bibi wa pweza niliifanya ya mwisho kwa makusudi.

Alikuwa akisokota kamba za usumba wa nazi uani. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila ya kuinua macho, na sikukaribishwa kuketi. Nilisema. Hakuuliza kwa nini, wala habari ya bomba haikumshughulisha.

"Sasa litapita saa ngapi?"

Nikamwambia, watu wakishatoka msikitini, kabla hakujapambazuka vizuri.

"Yaani niache shughuli zangu, nikakae barabarani kwa neno lako wewe?"

"Naam, Bi."

Akasokota kamba mpaka ikaishia mkononi mwake. Akaniambia nenda.

Kesho yake asubuhi sikukaa mahali pangu. Nilisimama nyuma nimeshika mbao, nikitazama mbele juu ya paa la gari, na kila kisiki cha kando ya njia nilikidhania mtu. Tulipopinda kona ya kijiji chake alikuwepo. Ameketi juu ya kikapu, ameligeuzia gari mgongo, anazungumza na mwenzake, na hakutusikia mpaka tuliposimama.