Kidole cha Anjela

Karatasi ikilalia gunia la mdalasini kwa muda, hutoa harufu ambayo mimi siitaki. Si harufu mbaya. Wewe ukiinusa utasema inanukia, utavuta pumzi tena. Mimi niliinusa juzi juzi stoo, nyumbani kwangu Kihonda, nikakaa chini sakafuni na mguu wangu huu mbovu, nikashindwa kuinuka mpaka mjukuu wangu Zawadi aliponikuta.

Stoo yenyewe ni ya viungo: pilipili manga, iliki, karafuu, na mdalasini unaoshuka kutoka Kinole umeviringwa kama mikeka midogo. Nimeuza viungo tangu sijaota matiti. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Mume wangu alipoondoka aliuacha msingi, na msingi haumzuilii mtu mvua. Shule niliishia darasa la pili. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, polepole, Zawadi kanisahihishia herufi tu. Nasema mapema ili usije ukanihurumia baadaye.

Zawadi ni mwalimu wa chekechea, na sasa ana mimba yake ya kwanza. Wiki ile watoto wake walikuwa wanajifunza upinde wa mvua, basi akazunguka mji mzima kuazima kila kitabu chenye upinde ndani yake. Kwake chumba ni kimoja, akavilundika kwangu, juu ya magunia. Alipokwisha kuniinua, nikamwuliza ni makorokoro gani haya. Akafurahi kuulizwa. Akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kunifungulia.

Cha sayansi kilikuwa na kipande cha kioo kinachopasua mwanga mweupe ukatoka rangi rangi. Cha hadithi kilikuwa na sungura aliyekuta upinde akataka kuupanda kama ngazi. Cha mashairi ya watoto, kila ubeti na rangi yake. Cha wakulima, jalada limechakaa, kinaeleza habari za mawingu na upepo. Halafu akafungua cha dini, na humo kulikuwa na yule mzee mwenye mashua kubwa, wanyama wanashuka wawili wawili, na juu yao upinde.

"Hicho funga," nikamwambia.

"Bibi, mbona ndicho kizuri kuliko vyote?"

"Nimesema funga."

Hakikuwa kile cha kwetu. Cha kwetu kilikwenda na maji.

Tulikuwa tunakaa juu ya Kinole, mahali ambapo shamba limeegemea mlima na chungwa likikuponyoka unalifuata bondeni. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kanisa dogo la kigango, na katekista aliyewafundisha watoto wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza. Dada yangu Anjela alikuwa mmoja wao. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, na mdomo usiolala. Alijua kusoma kuliko wenzake wote, mpaka katekista akamwazima kitabu cha picha ambacho hakuna mtoto mwingine aliyeruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Anjela alikificha ndani ya gunia la mdalasini wa mama. Mchana wakubwa wakiwa shambani alikitoa, tukalala kifudifudi, akanisomea. Kurasa zilinukia mdalasini. Kwa muda mrefu niliamini mbinguni kunanukia hivyo.

Alikificha kwa sababu ya bibi yetu mzaa mama, Bibi Mwanahawa. Yeye alikuwa Mwislamu, na mama alikuwa amebatizwa alipoolewa. Ndani ya nyumba ile mswala na rozari vilining'inia kwenye msumari mmoja, na hakuna aliyemgombeza mwenzake. Ugomvi ulikuwa juu ya upinde wa mvua. Kwa bibi, upinde ni joka. Linakaa kwenye kilindi chini ya maporomoko, na mvua ikinyesha huku jua linawaka, linatoka kwenda kunywa mtoni. Halisontwi kwa kidole. Ukilisonta, kidole kinapinda, na likikuchukia sana linakuja kukumeza mzima mzima. Ukitaka kumwonyesha mwenzio, unakunja ngumi, dole gumba umelificha ndani, unaelekeza ngumi. Na upinde ukisimama asubuhi upande wa mlimani, mto hauvukwi. Unasubiri joka limalize kunywa.

Vitu visivyosontwa vilikuwa vingi kwetu. Kaburi. Boga changa. Boga ukilisonta linaoza, na mimi, kwa ubishi, nililisonta moja kwa siri, likaoza kweli. Tangu hapo nikamwamini bibi kwa yote yaliyobaki.

Anjela hakuamini, maana alikuwa na ukurasa wake.

"Hii ni ahadi," aliniambia, amekiweka kidole juu ya picha. "Mungu kauweka pale watu wasiogope maji tena. Sasa joka gani linaahidi?"

"Bibi kasema linakunywa."

"Bibi kaliona mdomo?"

Niliogopa hata kidole chake kilivyogusa ule upinde wa karatasi.

Asubuhi ile ilikuwa ya masika. Kwetu jua lilikuwa linawaka, migomba inametameta, kuku wametoka. Lakini juu mlimani kulikuwa kumefunga, kweusi kama chungu, na mbele ya weusi ule upinde umesimama, mguu wake mmoja umeukanyaga mto. Siku hiyo ndiyo katekista alikuwa anawasikiliza watoto mmoja mmoja, achague wa kupokea komunyo. Asiyefika, basi, anangoja mwaka mwingine. Bibi alisimama mlangoni akaangalia juu.

"Leo havuki mtu," alisema. "Hamulioni linakunywa?"

"Ndiyo, bibi," Anjela akajibu, mpole kupita kawaida yake, akachukua ndoo kana kwamba anakwenda kisimani. Kitabu alikuwa amekifunga mgongoni ndani ya kanga, kama mtu aliyebeba mtoto. Nikamfuata. Njiani akaiacha ndoo chini ya mgomba, akashika njia ya mtoni.

Mtoni maji yalikuwa hayafiki hata magotini, meupe, kokoto zote unaziona. Palikuwa na mawe ya kuvukia, na moja la katikati ni kubwa, limelala kama nyati. Anjela akacheka.

"Ndiyo kunywa kwenyewe huku? Joka lenu halina hata kiu!"

"Turudi, da Anjela."

"Vuka, wewe. Nikushike mkono?"

Nikakataa. Nilikuwa nimekunja ngumi zote mbili, dole gumba ndani, kwa nguvu hata kucha ziliniuma.

"Haya, baki, mwoga. Nitamwambia katekista mdogo wangu anaabudu nyoka."

Akaruka jiwe la kwanza, akaruka jingine, akafika kwenye lile kubwa la katikati. Hapo akageuka kutazama upande wa juu wa mto. Kicheko kikamfutika usoni. Nikamwona ananyoosha mkono. Akatoa kidole, akakielekeza kule kule ulikosimama mguu wa upinde, akanitazama mimi, mdomo wazi, akakielekeza tena. Alikuwa anasema kitu lakini sikumsikia, maana mto ulikuwa umeanza mngurumo ambao sijapata kuusikia. Mimi nilijua ni joka limekasirika.

Nikakimbia. Maji sikuyaona. Nilikuwa nakimbia kwenda kumsemea. Niliparamia kile kilima kwa mikono na magoti, nikipiga kelele: "Bibi! Anjela kasonta! Kausonta upinde kwa kidole!" Nyuma yangu ardhi ikatikisika kama gari kubwa linapita. Nilipogeuka, pale nilipokuwa nimesimama palikuwa mto, mwekundu, umebeba magogo na migomba imesimama wima kama watu. Jua liliendelea kuwaka.

Walimpata bondeni. Kitabu hakikuonekana. Kabla hajaoshwa, bibi alichukua mkono wake wa kulia, akaufungua taratibu, na wote tuliokuwepo tukaona. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda.

Basi ikawa imekwisha. Msibani hakuna aliyeuliza zaidi. Wanawake walisema kwa sauti ya chini, "Alisonta," na neno hilo likakaa mahali pa jina lake. Kwetu mtu akifa jina lake linarudi, anapewa mtoto atakayezaliwa katika ukoo. La Anjela halikurudi. Mama alipojifungua mtoto wa kike, bibi alisema jina lile lina kidole, liacheni. Mama aliinamisha kichwa, na sikumsikia akilitamka tena mpaka anakufa. Mimi nikatolewa shule, kwa kuwa vitabu ndivyo vilivyomtia dada kiburi. Wala sikulia. Shahidi wa yote nilikuwa mimi. Nilimwona.

Nami nimeendelea kumwona. Nilipokuwa nauza iliki Dumila kando ya barabara, upinde ukitokea naweka mizani chini, nakunja ngumi, na wenzangu wanasogea wakidhani nataka kumpiga mtu. Hawakujua namwona nani. Anasimama mbele yangu mchana kweupe, juu ya jiwe lake, kanga imemlowa, kidole kimenyooka. Mimi nimekuwa mama, nimekuwa bibi, meno yameanza kuniaga. Yeye ni mtoto vile vile. Namwambia moyoni, shusha mkono, dada. Hashushi. Anafungua mdomo, na mngurumo unayameza maneno yake.

Siku ile ya stoo, Zawadi alikiweka pembeni kile cha dini kama nilivyotaka, akabaki na cha mashairi mapajani. Kwenye ukurasa uliokuwa wazi watoto wamesimama uwanjani wanausonta upinde. Safari hii sikumwambia afunge. Kuna kitu kilinisumbua katika watoto wale. Nikamwambia anionyeshe tena yule sungura. Sungura naye anasonta. Nikasema haya, fungua na kile cha dini. Wana wa yule mzee, karibu na mashua, wanasonta. Wote mikono juu. Wote videvu juu, shingo zimelala nyuma, macho angani.

"Zawadi, simama," nikasema. "Upinde uko pale, juu ya mlango. Nionyeshe."

"Bibi na wewe!" Lakini akasimama, akainua mkono, na kidevu kikaufuata.

"Sasa ng'ombe katoka mbio pale kwenye magunia, anakuja kunikanyaga mimi. Nionyeshe."

Hakufikiri. Mkono ulinyooka usawa wa kifua, kidole kwenye magunia, na macho yake hayakwenda kwa ng'ombe. Yalikuja kwangu, mdomo wazi.

"Bibi? Bibi, nini?"

Anjela hakuinua kidevu. Nimemtazama maisha yangu yote na sikuliona hilo. Mkono wake ulikuwa usawa wa kifua, na macho yake yalikuwa kwangu. Dada yangu hakuusonta upinde. Alikuwa ananionyesha maji. Pumzi ile aliyokuwa nayo, ambayo mtu mwingine angeitumia kuruka, aliitumia kuniambia kimbia. Na mimi nikakimbia. Nikamtii bila kujua ninamtii, na njia nzima nikawa namshtaki.

Kidole kilivunjwa na jiwe au gogo. Mto wa namna ile unavunja miti.

Sina ugomvi na bibi. Jua likiwaka kwetu asubuhi na upinde ukasimama mlimani, maana yake kule juu kunanyesha na maji yako njiani. Aliyempa bibi habari ya joka alitaka watoto wake wasivuke. Sina ugomvi hata na kile kitabu cha picha. Ila watu waliokishika kile kidole wakakisoma kama maandishi, nikiwemo mimi ambaye siku zile sikujua kusoma, sote tulisoma vibaya.

Nilimweleza Zawadi yote, palepale kati ya magunia. Aliweka mkono juu ya tumbo.

"Na akiwa wa kiume?" aliniuliza.

"Basi jina limsubiri mdogo wake," nikamjibu.

Juzi mvua ilipokatika jioni, upinde ulisimama juu ya Uluguru, unaonekana wote kutoka uani kwangu. Ngumi zikajikunja zenyewe, zimeshazoea. Zawadi akatoka jikoni, tumbo mbele, akasimama nami.

"Usije ukasonta, bibi," akanitania.

Nikaufungua mkono. Dole gumba lilitoka kwanza. Sikuuinua juu. Niliunyoosha usawa wa kifua, kidole kikaelekea chini ya ule mguu wa upinde, kule nyuma ya mlima iliko Kinole, iliko mito yote ya utoto wangu, na macho yangu nikayaelekeza kwenye lile tumbo.

"Anjela," nikasema, "angalia pale."