Nyaya Alizozisuka Mama

Msinione nacheka leo. Mashine ile ilikaribia kunitia wazimu, na mume wangu ni shahidi, maana makelele yangu yote yalimwishia yeye.

Ni mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Unachora ua lako kwenye kompyuta, unalaza ubao mezani, kichwa chenye kisu kinakwenda chenyewe huku na huku mpaka ua litoke. Tuliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, tukaileta Kivinje kwa sababu moja tu: mama yangu. Macho yake yamefifia, hawezi tena kuishi peke yake, na kila tulipomwambia aje Dar alijibu neno lilelile, "Mie hapa sitoki." Basi tukaja sisi. Mume wangu aliacha gereji yake akaja kukaa kwa mkwewe, na hilo sitamsahaulia. Lakini tulikubaliana kwamba milango ya kuchonga itulishe. Isipotulisha, tunarudi.

Haikutulisha. Kichwa kikifika katikati ya ua kinasimama ghafla, kompyuta inaandika kwamba kimegonga ukingo wa meza. Ukingo gani? Ukingo uko mbali nacho mkono mzima! Ukiiwasha upya imeshapoteza mahali pake, kisu kinachimba pembeni, ubao umekwisha. Mbao za mkongo, ghali kuliko zote, alizozifuata mume wangu mwenyewe huko Kikole ziligeuka kuni. Tulipikia wali kuni za mkongo, jamani. Mkongo!

Majirani walisema ni majini, nyumba yenyewe ya zamani, nichome ubani. Nilichoma. Mashine ikasimama vilevile, ila inanukia.

Mimi nilimshuku kijana anayechomelea madirisha ukuta wa pili. Akigusa chuma taa zetu zinafifia, nani asingemshuku? Nikamwendea nimejifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba, na zima hilo dude lako."

Alizima, akang'oa na plagi, akaja kusimama mlangoni kwangu anatafuna muhogo. Mashine ikafika palepale, ikasimama.

"Mama, jini wako yumo humo humo ndani," akasema. "Mimi usinisingizie."

Ubao ukabaki mmoja. Mume wangu akaupangusa vumbi kwa kiganja, akaniambia bila kunitazama, "Bi mkubwa, mimi nimechoka. Huu nao ukiharibika, tunauza mashine tunarudi Dar."

"Na mama?"

"Tutamwachia binti wa mama yako mdogo."

Binti huyo ana watoto tele na hasira kunishinda mimi. Lakini mume wangu alikuwa na haki, na ndiyo iliyoniuma.

Nikaanza upya, safari hii bila kupayuka. Ubao niliuweka kando. Niliiendesha mashine hewani, mota inayozungusha kisu ikiwa imezimwa, na ua lote lilikwenda mpaka mwisho. Nikawasha mota, bado hewani, haikati kitu. Ikasimama. Nikarudia, ikawa hivyohivyo. Basi si ubao, si vumbi, si jirani. Ni mota. Sasa, pale ukingoni kuna swichi yenye taa ndogo nyekundu, inayowaka kichwa kikiigusa. Nikapiga magoti kuitazama. Mume wangu alipowasha mota, ile taa ikaanza kukonyeza, na hakuna aliyeigusa! Nikaufuata waya wake kwa macho, ukanifikisha kwenye ukili wa mama, ule msuko wa nyaya.

Ukili wenyewe ulikuja hivi. Tulipofunga mashine, nyaya zilizagaa sakafuni na mama akajikwaa. Mama ni msukaji wa mikeka. Macho yamekwenda, vidole vimebaki. "Nileteeni," akasema, akakaa chini akazisuka zote pamoja, waya wa mota na nyaya za swichi, kama anavyosuka ukili wa mkeka. Alijivuna nao wee! Mgeni akija anaambiwa, "Ile mashine nimeisuka mie." Kumbe ugonjwa ulikuwa hapo. Waya wa mota unabeba umeme wa fujo, na ukikumbatiana na waya mwembamba wa swichi, ile fujo inapenya humo, kompyuta inadhani swichi imeguswa.

Mume wangu alitaka tuufumue mama akiwa amelala, asijue. Aka! Mimi simfichi mama yangu. Nikamfuata uani nikamweleza.

"Ukili wangu ndio unaosimamisha mashine?"

"Ndiyo, mama. Waya wa mota una fujo, haufai kulala na wenzake."

Nilidhani atalia, nikajuta. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue.

"Mikeka mingapi nimefumua mie maisha yangu? Nipeleke. Nyie mtazikata hizo nyaya."

Tulizima umeme wote, akaufumua mwenyewe, uzi kwa uzi, anaimba puani. Waya wa mota tukaupitisha peke yake ndani ya bomba la chuma la kupindika ambalo mume wangu alilitoa kwenye vyuma vyake vya gereji, na bomba tukaliunga na waya wa ethi unaoingia ardhini. Nyaya za swichi tukazipeleka upande wa pili wa meza. Tukawasha mota. Ile taa nyekundu haikuwaka kabisa.

Ubao wa mwisho ukalazwa. Mume wangu alisimama kidole juu ya swichi ya kuzimia, mimi nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni, utotoni nikisoma Kurani. Pale katikati ya ua palipotushinda siku zote, kisu kilipita. Kikaenda, kikaenda, kikamaliza petali ya mwisho, kikarudi kwenye kona yake. "Alhamdulillahi," mume wangu akasema, akaketi juu ya maranda akacheka mpaka machozi. Mimi nililia waziwazi, sioni aibu. Lo, raha ile!

Nikakimbilia chumbani kwa mama.

"Imechonga, mama! Imemaliza ua lote!"

"Kwa hiyo Dar hatwendi?"

Nikashtuka. Hatukuwa tumemwambia neno. "Nani kakwambia habari za Dar?"

"Mie macho ndiyo mabovu, masikio mazima. Hatwendi?"

"Hatuendi, mama."

Akashusha pumzi. "Basi nivutie begi hapo chini ya kitanda, unifungulie."

Nililivuta. Lilikuwa limeshafungwa tayari. Ndani mlikuwa na kanga zake, mswala, dawa zake, na juu kabisa, imekunjwa vizuri, sanda yake.

"Hiyo irudishe kabatini," akasema. "Mngeondoka ningefuatana nanyi, ila kule Dar makaburi yamebanana, nilikuwa naogopa."