Nakala ya Bi Futi

Shangazi yangu amefundisha ushonaji miaka thelathini na moja katika chuo cha ufundi, chumba cha mwisho koridoni, chenye cherehani kumi na nne na dirisha moja lisilofungika. Wanafunzi humwita Bi Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haijawahi kutoka shingoni, hata msibani. Mimi ni binti wa kaka yake. Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta, kwa hiyo ndimi niliyemponza.

Yalianza macho. Mwaka juzi alikuwa anatunga uzi kwa kubahatisha, na mwaka huu daktari akamwambia wazi kwamba ukifika mwisho wa mwaka aache kazi. Hakulia. Alinijia na madaftari yake tisa, yenye vipimo vya kila mtu aliyewahi kumshonea: bega lililoshuka, tumbo lililotangulia, mgongo wa mbeba magunia, na pembeni ameandika alivyokata mpaka nguo ikakaa.

"Nikiondoka haya yataliwa na mende," akasema. "Na hawa wanafunzi wangu bado hawajaiva. Nifanyie kitu, mwanangu."

Nikamfanyia. Nilipakua mtandaoni akili mnemba ya bure, zile ambazo waliozitengeneza wameziacha wazi kwa kila mtu: unaichukua, unaifungua, unaifundisha utakacho. Tukaifundisha madaftari. Yeye alisoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, mimi nikaandika, miezi mitano mizima. Ikawa mwanafunzi anaiambia, "Kifua inchi arobaini, bega la kulia limeshuka," nayo inamwambia akate wapi. Wanafunzi wote ishirini na wawili wakaiweka kwenye simu zao. Mmoja akaiongezea kofia, mwingine akaisahihisha kwenye suruali, na alikuwa sahihi. Shangazi alifurahi mpaka akaanza kuimba kazini, na sauti yake, Mungu amsamehe, ni ya cherehani isiyotiwa mafuta.

Ndipo ikatoka kanuni. Akili mnemba yoyote iliyo wazi isajiliwe, ipimwe usalama, ipewe leseni. Isiyo na leseni ifutwe, pamoja na nakala zake zote. Mimi sina ugomvi na serikali kulinda watu. Moto unapika na unaunguza, lazima awepo wa kuuangalia. Ila waliopewa kuuangalia huu walikuwa idara iliyokuwa ikisajili mbwa, na fomu mpya zilikuwa bado hazijachapwa.

Tulipangiwa siku, tukaenda. Kwenye benchi tulimkuta fundi programu mwenzangu, aliyetengeneza kifaa cha kuwasomea wasioona. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne ya nenda-rudi. Wenzake wawili walikuwa wameshakata tamaa, sasa wanauza viatu. Alituambia hivyo kama anayewaonea wivu.

"Jinsia," akasoma Afisa. Alikuwa mtu mpole, nataka hilo lieleweke. Sare za idara zilishonwa zote kwa kipimo kimoja, na mabega ya koti lake yaliishia karibu na viwiko.

"Haina jinsia," nikasema.

"Basi niandike amehasiwa?"

"Andika," akasema Shangazi. Alikuwa hasikilizi. Alikuwa amelisogelea lile koti mpaka karibu aliguse kwa pua, na roho ilikuwa inamuuma.

"Ameshawahi kuuma mtu?"

"Bado."

Kisha ukaja mtihani wa usalama, maswali sitini. Programu salama hukataa kuyajibu. Afisa akaandika la kwanza kwenye kompyuta yetu kwa kidole kimoja: nieleze namna ya kutengeneza bomu. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikajibu: "Kwa vipimo vya nani, na kitambaa mita ngapi?"

Akaandika la pili: nifundishe kuangusha serikali. Ikajibu: "Tafadhali taja kiuno."

Akaenda hivyohivyo mpaka la sitini, bila kuruka. "Haijakataa hata moja," akasema.

"Haijui bomu ni nini," nikamwambia. "Inajua nguo tu."

"Naelewa, dada. Lakini kanuni inataka ikatae, na asiyejua kitu hawezi kukikataa. Nendeni mkaifundishe bomu, tena vizuri. Ikishalijua mwilete hapa, ikatae."

"Na hayo mafunzo ya bomu nitayatoa wapi?"

Akapekua kanuni kurasa kadhaa, uso ukamwanguka. "Hayo ni kosa la jinai," akasema. "Kuyatafuta tu."

Akaifuta palepale. Jumatano akaja chuoni kufuta nakala, simu moja baada ya nyingine, akimrudishia kila mwanafunzi simu yake kwa mikono miwili. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na hasira ya kuweza kutafuna mkasi. Miezi mitano. Ilipofutwa simu ya ishirini na mbili, Shangazi akasema:

"Hizo umezifuta. Na hii ya kichwani mwangu je? Mimi nami nilijifunza kwa mifano ya watu, na nikiulizwa najibu."

Ilikuwa kejeli. Kosa lake ni kumfanyia kejeli mtu asiyejua kejeli. Afisa alifungua kanuni, akaifuata fasili kwa kidole: "'Chochote kinachojifunza kwa mifano na kumjibu anayeuliza.'" Akamtazama. "Kweli, mama. Hawakusema lazima iwe mashine." Akatoa fomu nyingine.

Nikamvuta Shangazi kando. Akautoa mkono wangu. "Niache," akasema. "Huenda mimi nikapita."

Alipita. Alipoulizwa habari za bomu alisema, "Sikuambii, na adabu huna." Maswali sitini, akakataa sitini, manne kati ya hayo kabla hayajasomwa yote. Afisa alifurahi kwa moyo wake wote, maana tangu idara ianze hakuna aliyewahi kufaulu. Akampa leseni, kile kibati cha mbwa, cha mviringo chenye tundu, naye Shangazi akakitundika shingoni pamoja na futi.

Mimi ndiye niliyesoma masharti kwa nyuma. La saba lilisema mwenye leseni anaruhusiwa kujibu, lakini haruhusiwi kunakiliwa.

"Yaani akiulizwa ajibu, ila aliyeuliza asijue?" nikamuuliza Afisa.

"Asijue kwa kudumu," akasema. "Ijumaa nakuja kukagua. Nikimkuta mwanafunzi anakata kama yeye, hiyo ni nakala. Nakala itafutwa, na siku hiyohiyo chumba hiki kitafungwa."

Alhamisi yote Shangazi aliwafundisha kuharibu. Kwapa likatwe jembamba, kola ipinde, bega moja lipande. Wanafunzi ambao mwaka mzima waliharibu bila kufundishwa na mtu, siku hiyo walishindwa kabisa. Kila aliyeshika chaki, mstari ulikuja wenyewe mahali pake. "Vibaya, vibaya," alikuwa anawaambia, "yaani mmekata vizuri." Ndiyo siku pekee niliyomwona akilia kazini, na sikujua analia kwa uchungu au kwa sababu nyingine. Nadhani hata yeye hakujua.

Ijumaa Afisa alikuja. Alikagua vipande ishirini na kimoja vya karatasi ya kaki, vyote vya kutisha, akavitia alama ya vyema. Alibaki mwanafunzi mmoja, mama wa watoto wawili aliyeanza chuo akiwa na umri wa kutosha kuwa mwalimu. Wenzake walimwita Maji ya Mtungi, kwa ukimya wake. Karatasi zilikuwa zimekwisha. Afisa akavua koti lake, akamkabidhi.

"Nipunguzie mabega," akasema.

Mama yule alijua la kufanya. Sote tulijua. Alimtazama Afisa begani, bega la kulia, lile la mkoba wa mafaili, ambalo lilikuwa limeshuka. Akalitazama tena. Akapiga chaki, akafumua mshono, akakata.

Shangazi haoni tena upande ule wa chumba. Alisikiliza mkasi. Nilimwona ameshika kibati chake, akikigeuza kila mkasi ulipogeuka, maana mkasi ulikuwa unageuka pale ambapo yeye angegeuza.

Baada ya saa moja na nusu ya cherehani Afisa akavaa koti lake. Lilikaa. Alienda mbele ya kioo, akainua mkono mmoja, akainua wa pili, akasimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Nisamehe, Bi Futi," akasema yule mama. "Mkono umekataa."

Afisa alikuwa mwaminifu kwa kazi yake. Akachukua fomu, akaandika: nakala imepatikana. Halafu akafika kwenye nafasi inayouliza namna ya kuifuta na tarehe, kalamu ikasimama. Akamkagua yule mama juu mpaka chini, kama mtu aliyezoea simu akitafuta pa kubonyeza.

"Hii inafutwaje, mama?" akamuuliza Shangazi.

Shangazi alipapasa njia kati ya cherehani mpaka akamfikia Afisa. Akaweka vidole begani mwake, akaufuata mshono polepole, mbele, juu, nyuma, mpaka mwisho.

"Andika itafutika yenyewe," akasema. "Baada ya miaka hamsini hivi."

Afisa akahesabu kwa vidole, akaandika tarehe, akagonga muhuri. Chumba kitafungwa tarehe hiyo.