Kabla Hujamfukuza kwa Ajili ya Miti

Nakumbuka asubuhi moja hapa Katelembo, mwanangu, nilipotoka kumwaga beseni la maji ya kufulia nikamkuta nyanya yako langoni, ananitazama kwa jicho baya. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Saipresi za lango, ambazo babu yako alijivunia na kuzipunguza kila Desemba kabla watoto wa Nairobi hawajafika, zilikuwa zinakauka kuanzia juu.

"Ni hiyo sabuni yako," akasema. "Tangu ukuje hapa, miti ya mzee inakufa."

Niliumia sana. Ukishashukiwa katika boma la watu, hata chai yako inanuswa kwanza. Wakaanza kunong'ona kwamba nirudishwe kwetu Kithyoko.

Lakini mimi pia ni mtu wa kushuku, unanijua. Nikaikagua ile miti tawi kwa tawi. Ukavu ulianzia pale palipokatwa, na gome la hapo lilikuwa limepasuka, linatoa utomvu. Saipresi ya karibu na kamba ya nguo, iliyokunywa sabuni yangu yote, haikuwa imeguswa na makasi. Ilikuwa mbichi kabisa. Na makasi yenyewe tuliazima kwa jirani, kama mtaa mzima.

"Mwaitu, mama yangu, kuja uone," nikamwambia nyanya yako. Nikampeleka kwa huyo jirani. Ua wake, uliokatwa kwa makasi yaleyale, ulikuwa umekauka vilevile, na sijawahi kumwaga hata tone kule.

Hakuniomba msamaha. Alirudi na yale makasi, akayasugua kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, ili kuua ugonjwa, kisha akanibebea beseni mwenyewe. "Mwaga penye unataka," akasema. Nililia kwa furaha, nikajifanya ni moshi wa jikoni.

Sasa unanipigia simu kutoka Syokimau kwamba miti yako ya bustani inakauka, na unamshuku msichana wa kazi kwa kuwa ameingia juzi. Sikukatazi kushuku, mimi mpaka leo nanusa maziwa ya dukani. Ila ukianza kushuku, usiishie kwa mgeni. Nenda ukaangalie tawi limeanzia wapi kufa. Muulize anayekukatia ua ametoka bustani gani, na kama aliosha makasi. Kata palipooza, uchome matawi, ndipo tuongee habari za huyo msichana.

Mungu akutunzie nyumba yako, mwanangu, na mtu asilale nje kwa kosa la makasi. Mwambie huyo msichana mama yako anamsalimia.