Mguu wa Rashidi na Mizani ya Dagaa

Niliondoka Masasi siku ya kwanza ya likizo ya shule kwa sababu moja tu: sikuwaamini watu waliokuwa wakimtibu mdogo wangu. Rashidi, muuza vitenge wa Kariakoo, alianguka kutoka kwenye ngazi ya stoo akavunjika mfupa chini ya goti. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akarudishwa nyumbani. Kisha wifi yangu Mwanaidi akanipigia simu: picha mpya ilionyesha kuwa mfupa haujaunga, na daktari alikuwa akifikiria kumpasua tena. La ajabu zaidi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akimwamuru aukanyagie mguu huohuo. Kwetu, mguu uliovunjika hulazwa kama mtoto mchanga.

Basi lilipokuwa likivuka daraja la Rufiji, nilikuwa nimekwisha kuandika maswali kumi na moja kwenye daftari.

Jioni nilifika Kariakoo. Nilimkuta Rashidi amesimama kwa magongo, mguu mbovu ukiwa juu ya mizani ya sakafuni, ile ya kupimia magunia. Mizani hiyo alikuwa akiazimwa na jirani yao, Baba Zuhura, muuza dagaa, kila anapofunga biashara.

"Shikamoo dada. Usinitazame hivyo, si mimi niliyeamua."

"Marahaba. Ameamua nani? Huyo binti wa mazoezi wa Upanga?"

"Huyohuyo. Nikandamize mpaka mshale ufike thelathini, nipumzike, nirudie. Anasema mfupa ni mvivu, haujengi mpaka usukumwe."

Asubuhi yake tulikwenda Upanga kwa bajaji. Binti mwenyewe, Bhavna, mzaliwa wa mtaa huohuo kama babu yake, aliniamkia kwa adabu, kisha akamgeukia Rashidi kwa hasira.

"Kaka, picha inasema wewe hufanyi mazoezi."

"Nafanya! Asubuhi na jioni, kilo thelathini. Muulize mama watoto."

"Mama watoto ni shahidi au ni mke wako?"

Nikafungua daftari. "Mfupa unajuaje kwamba umekanyagiwa?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba ndani ya mfupa mna seli hai, zimekaa kila moja katika kishimo chake, zimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na zimezungukwa na majimaji. Mguu ukikandamizwa, mfupa hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Majimaji yale husogea, seli huhisi msukumo wake, nazo hutoa kemikali za kuziita seli nyingine zije kujenga. Mzigo ukiwa mdogo mno, hakuna anayeitwa. Ukizidi, mfupa mchanga unaoanza kuunga huchanika.

"Seli haisikii maneno, mama. Inasikia mzigo."

Niliandika yote, nusu yake sikuiamini. Nimefundisha jiografia miaka mingi. Najua jinsi mtu anavyoweza kueleza kwa ufasaha jambo asilolijua. Njiani nilimshuku Bhavna, nikamshuku Rashidi, nikamshuku hata Mwanaidi kwa kuwa alikuwa mwepesi mno wa kumtetea mumewe.

Jioni ile nilikaa kwenye kigoda nikimkodolea Rashidi macho. Alikandamiza kweli. Mshale ulifika thelathini, akahesabu, akapumzika, akarudia. Hakuwa mwongo. Basi nikabaki naitazama ile mizani iliyokuwa chini ya mguu wake. Mwanaidi alikuwa na mfuko wa unga wa kilo tano, haujafunguliwa. Nikauweka juu ya mizani.

Mshale ukasimama kwenye nane.

Mwanaidi akaziba mdomo: thelathini zote zile hazikufika hata ishirini. Rashidi alicheka nusura aanguke. "Wenzangu wanapunjwa dagaa, mimi nimepunjwa mfupa!"

Baba Zuhura akaitwa. "Mizani hii haijawahi kulalamikiwa," alisema.

"Na nani?" Mwanaidi akauliza. "Na dagaa?"

Baba Zuhura aliutazama mguu wa Rashidi, kisha akaibeba mizani yake begani. "Nisamehe, jirani. Sikujua kama itafika kwenye mfupa."

Kesho yake Bhavna alituazima mizani ya bafuni kwake, baada ya mimi kuijaribu kwa unga ule ule mbele yake. "Kaka, nilikuita mwongo, samahani," alisema. Kisha akanigeukia: "Ila siwezi kuapa kwamba ni mizani tu. Mifupa ina mambo yake." Jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kumwamini. Alizungumza na daktari wa upasuaji, naye akakubali kusubiri wiki nne.

Kilo thelathini za kweli zilimtoa Rashidi jasho. Alizifikia siku ya sita. Wiki ya nne picha ilionyesha wingu jembamba jeupe likivuka ufa. Daktari akafuta upasuaji.

Nilirejea Masasi nikiwa nimejifunza kwamba shaka yangu haikuwa kosa, ila niliielekeza kwa mgeni, wakati kilichotudanganya tuliletewa kila jioni kwa wema wa ujirani. Siku ya kuondoka, Rashidi alinisindikiza hadi barabarani kwa gongo moja, akikataa nimshike mkono. Sikusikia neno alilosema njia nzima. Nilikuwa nikiutazama mguu wake uliovunjika ukitua na kunyanyuka, nikiwaza, ndani mle, nani anamwita nani.