Mshipa Uliokatiza Kalioni

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya jioni, kalio langu la kulia liligoma. Nikikaa dakika kumi tu, moto unashuka kutoka kalioni hadi kisigino, moto wa kuivisha maharage. Na mtihani wa kidato cha nne unataka mtu akae saa tatu. Wenzangu waliogopa hesabu. Mimi niliogopa benchi.

Nilimeza dawa za mgongo nusu pipa. Nikapigwa picha, mgongo ukaonekana mzima kabisa. Mwisho nikapelekwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, Mgogo, yaani mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Aliponiuliza kabila nikajua nimekwisha.

Akanilaza kifudifudi, akabonyeza katikati ya kalio. Nilipiga kelele mpaka kijiji cha Ntalikwa wakasikia. Akanieleza kwamba ndani kule kuna msuli mdogo unaogeuza nyonga. Kwa watu wengi mshipa mkubwa wa fahamu hupita chini yake, ila wapo wanaozaliwa mshipa umepenya katikati ya msuli wenyewe. Ukikaa sana, unakabwa. Kwangu alishuku tu, maana bila kipimo kikubwa huwezi kuuona. Lakini asiyejua hilo atatibu mgongo usio na kosa mpaka uzeeke.

"Mtani," akasema, "babu zako walipita kwetu na mizigo kichwani, wakafuata njia. Wewe hata mshipa wako umekatiza porini."

Akanifundisha kulala chali, kupandisha mguu juu ya goti la pili na kuvuta paja kifuani. Kukaa zaidi ya nusu saa, marufuku, na akaniandikia barua ya kusema hivyo. Nikatangaza mtaani kwetu Isevya nzima kwamba nimeumbwa kipekee. Kufika jioni uvumi ulishanipa misuli minne ya ziada.

Msimamizi wa mtihani alisoma barua ya yule mama mara mbili, akaniangalia nyuma, akaniruhusu kusimama. Baiolojia niliifanyia dirishani, karatasi juu ya kizingiti. Nikafaulu.

Nyumbani wakachinja kuku, wakaniwekea kiti cha heshima chenye mto. Yule mama mtani akaingia bila hodi, akakikalia.

"Huu ushuru wa kupita Ugogo," akasema, akivuta sahani ya mapaja. "Wewe simama. Kalio lako nalijua, kiti halikihitaji."

Nikala shingo nimeegemea mlango. Mguu haukuuma hata kidogo.