Mke wa Msafiri Hakai Kizuka

Mume wangu alizaliwa Unguja mjini, karibu na pwani, na kuogelea kajifunzia Birmingham. Mamake alimkataza bahari tangu utotoni, hofu tu za kina mama, na yeye alikuwa mtoto msikivu. Ukubwani ndipo alipolipiza. Alikuwa akifanya kazi katika ghala la vipuri vya magari huko Nechells, na pale kazini alikuwa na rafiki yake mmoja, Mwingereza wa Kingstanding, mtu mpana mwenye sauti ya kukwaruza. Huyo ndiye aliyempeleka kwenye bwawa la kuogelea kumfundisha kuzamia kwa mtungi wa hewa. Walipohitimu bwawani wakahamia kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, yaliyojaa maji meusi, baridi ya kung'ata, samaki hata wa dawa hakuna. Akirudi nyumbani midomo imemgeuka zambarau, nikimwambia, "Wewe una wazimu, si bure." Akicheka, akiisogelea hita.

Hayo yote yalikuwa maandalizi. Kila mwaka, ikifika ile Januari ambayo Birmingham jua hulioni, wawili hao walipanda ndege kwenda Indonesia au Ufilipino kuzamia. Mie sikwenda hata mara moja. Mie maji yakinipita magoti naanza kupiga shahada.

Waswahili wenzetu walimcheka. Mtu kazaliwa kisiwani, bahari kaiacha kwao, leo anatoa fedha zake kwenda kutazama maji ya watu. Tena wakiniuliza mumeo yuko wapi, nikajibu kaenda kuzamia, walidhani kajificha kwenye meli ya mizigo kwenda Amerika. Yeye hakujali. Alirudi mweusi tii, kafurahi, na maneno tele: kasa mkubwa kuliko meza yetu ya kulia, samaki wenye milia kama kitambaa cha kikoi, na ule ukimya. Ukimya ndio alioupenda kuliko vyote. Alisema kule chini huongei wala huulizwi kitu, unasikia pumzi zako tu na mapovu yakipanda. Nilikuwa nikiionea wivu bahari ile, nasema kweli, kama mtu anavyomwonea wivu mke mwenza.

Tuliishi Ladywood, ghorofa ya juu katika jengo refu, mie, yeye, na mamake, tuliyemleta baada ya baba mkwe kufariki. Mtoto hatukujaaliwa. Mama mkwe alikuwa hajui Kiingereza zaidi ya kushukuru na kuaga, na wala hakutaka kujua zaidi ya hapo. Tukipatana vizuri, nisimsingizie.

Januari ya mwisho simu ililia asubuhi naosha vyombo. Alikuwa mtu wa kampuni ya safari. Akasema walizamia jana yake, mkondo wa maji ukawa mkali, na mume wangu hajaonekana. Rafiki yake kaokolewa lakini yuko hospitali huko huko, hali mbaya, hawezi kuzungumza na mtu. Akasema wanaendelea kutafuta. Baada ya siku chache wakaacha, na polisi wa kule wakaandika kwamba amepotea.

Kupotea gani chini ya maji? Mtu hupotea sokoni, hupotea njia. Aliyeshuka na mtungi wa hewa ya saa moja, ikapita siku hajatoka, huyo mie sihitaji polisi aniambie. Siku ile ile ya simu nilikaa sakafuni pale pale jikoni nikaanza kulia. Mama mkwe akaja akanishika mkono, akaniinua.

"Nyamaza," alisema. "Unamlilia nani? Umeiona maiti?"

Jioni wanawake walikuja, Mungu awalipe, na masufuria ya wali na mikeka mabegani. Mama mkwe akasimama mlangoni akawauliza, "Msiba wa nani? Hapa hapana msiba. Mwanangu yuko safarini." Wakatazamana. Wakarudi kwenye lifti na masufuria yao.

Sheikh wa msikitini naye alikuja, akazungumza kwa upole. Alisema aliyepotea hasaliwi, na mkewe hakai eda, mpaka ipatikane yakini: maiti ionekane, au aje mtu mwaminifu aliyeona kwa macho yake, au kadhi ahukumu baada ya kusubiri sana. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa kila neno. Mie nilikwenda kujifungia chooni.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume huwa kizuka. Hatoki, hajipambi, haonani na wanaume wa kando, na watu wanajua ana yake, wanamwacha alie mpaka achoke. Wanawake wengi huiona eda ndefu. Mie niliitamani kama maji ya kunywa. Sikutaka kingine chochote, nilitaka nikubaliwe kuwa mume wangu kafa, nikae nimlilie.

Badala yake, kila Ijumaa mama mkwe alifukiza udi, king'ora cha moshi kikapiga kelele, akakipepea kwa kanga mpaka kikanyamaza. Kisha aliniketisha akanipaka hina mikono na miguu, kwa mkono wake mwenyewe, maua madogo madogo, hana haraka. Akanitia na wanja.

"Mke wa msafiri hakai kizuka," alisema. "Akirudi akakukuta umechakaa, ataniuliza mie nilikuwa nikitazama nini."

Nikanyoosha mikono. Ningefanyaje, na mwana ni wake? Nilikwenda sokoni kununua samaki na hina inang'ara, muuza vitambaa mmoja wa Kisomali akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Sister, harusi ni ya nani?" Nilitaka kumtupia samaki. Nyumbani nilimwangalia mama mkwe nikasema moyoni, leo namwambia, liwalo na liwe. Halafu nikimsikia chumbani kwake baada ya alasiri, anamwomba Mungu ampe mwanawe chakula na nguo kavu huko aliko. Hata kumchukia nikashindwa.

Majira yalipoanza kubadilika, rafiki yake mume wangu alirudi Birmingham, akapiga simu, akasema anataka kuja. Alipofika hatukumjua. Kakonda, anatembelea fimbo. Alikuwa kapanda juu haraka mno siku ile, hewa ikamchafukia kwenye damu, miguu ikaingia ganzi na mmoja mpaka leo haujamrudia sawasawa. Mama mkwe alimkaribisha kitini, akamwekea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Mwenyewe akakaa kumkabili, magoti yao karibu kugusana.

"Muulize," akaniambia. "Mwanangu kamwacha wapi?"

Mkalimani hakuwepo mwingine. Mgeni akasema kidogo kidogo, nami nikafasiri. Walikuwa pembeni ya mwamba uliokwenda chini wima. Mkondo ukaja kutoka juu, ukawasukuma chini, na uliyemchukua kwanza ni mume wangu. Yeye akamfuata, kwa sababu sharti lao wazamiaji ni kwamba wanashuka wawili, wanapanda wawili.

"Kasema alimfikia," nikamwambia mama mkwe. Uso wake ukanyanyuka.

Alimkuta miwani imemtoka na kile cha kuvutia hewa kimemtoka kinywani. Akamrudishia kinywani, akamshika kwa nguvu, akapiga mateke kupanda naye. Maji yakawa yanawateremsha wote wawili. Akatazama kipimo chake, hewa yake mwenyewe inamwishia.

Hapo akaitazama chai. Kisha akasema maneno mawili kwa sauti ndogo. Nilimsikia vizuri, na sikufungua mdomo.

"Kasema nini?" mama mkwe akauliza.

Ningeweza kumpa uongo wowote. Asingejua.

"Kasema alimwachia."

Mama mkwe hakushtuka. Alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. "Muulize," akasema. "Alipomrudishia hewa kinywani, mapovu yalimtoka?"

Nikamuuliza. Yule bwana akatikisa kichwa, na machozi yakamdondoka kwenye mkono ulioshika fimbo. Alisubiri mapovu, akasema. Aliyasubiri kupita kiasi, ndiyo maana naye akakaribia kufa. Hayakutoka.

Nikafasiri mpaka neno la mwisho. Sauti yangu ilikuwa kavu, kama ninayesoma habari za mtu mwingine, nikashangaa ninavyoweza.

Mama mkwe akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akainama akaushika mkono wa yule Mwingereza, yeye ambaye hakuwahi kumpa mkono mwanamume asiye wake, akaubana.

"Mwambie mie mamake nimemsikia," alisema. "Mwambie kumwachia kwake nimemsamehe, duniani na akhera. Amalize chai yake."

Nikamwambia. Akanywa, meno yakigonga kikombe. Mama mkwe akamngojea mpaka alipokitua. Kisha akaenda chumbani kwake akarudi na kanga nyeupe, akanifunika kichwa mpaka mabegani, akaivuta mpaka mikono yangu yote ikaingia ndani.

"Sasa mwambie, kwa heshima, aondoke," alisema. "Si vizuri mwanamume wa kando kukaa na mke wa marehemu."

Nikamgeukia nikamfasiria kwa Kiingereza kwamba mume wangu amekufa, na kwamba kuanzia sasa mila yetu hairuhusu nikae naye chumba kimoja. Aliinuka akasema poleni, akatoka akikokota mguu. Mama mkwe akafunga mlango kwa funguo. Akakaa sakafuni, akanivuta nikamlalia mapajani.

"Haya, mwanangu," akasema. "Lia."